Kitanda Katika Mfano wa Tatu

Mdogo wangu aliandika mbele ya dunia nzima kwamba mama yetu anahitaji kitanda. Dunia nzima ikasoma, ikasahihisha nukta na mikato, ikapiga kura na kupongezana. Kitanda hakikuja. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsimulia habari za ushindi, ingawa kule kwenye kazi zao ule ulikuwa ushindi, na keki ilikatwa.

Mdogo wangu anatengeneza tovuti. Mtaani wanamwita Mabano, kwa sababu kurasa za kwenye mtandao ukizifunua kwa ndani zimejaa mabano yenye ncha, na yeye alikuwa na tabia ya kuyachora popote: kwenye vumbi la kioo cha gari la watu, kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, hata kwenye masizi ya sufuria. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, na mama alikuwa analala chumba cha pili, mlango tunauacha wazi ili nisikie akiita. Lakini hakuwa mtu wa kuita.

Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisini mpaka alipostaafu. Mwanamke wa mgongo ulionyooka, nguo zimepigwa pasi, neno moja moja. Kuomba kitu kwa mtu, kwake, kulikuwa sawa na kutoka nje bila nguo. Tulipokuwa wadogo tukienda kwa watu, alitusimamisha mlangoni, akatunyoosha kola, akasema: "Mkikaribishwa, mmeshiba." Basi tulisema tumeshiba huku matumbo yananguruma na wenyeji wanayasikia. Nyumbani sukari ikiisha, hatukutumwa kwa jirani. Tulikunywa chai hivyo hivyo, na mama akasema hivyo ndivyo inavyonoga. Kwetu ni watu wa kufa na tai shingoni. Mpaka leo nikiishiwa uzi wa rangi fulani, fundi mwenzangu yuko hatua chache kutoka hapa, na mimi naiacha nguo mpaka nipate wa kwangu.

Kiharusi kilimkuta jikoni. Upande wa kushoto ukafa wote, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo, lakini akili ilibaki kali kama wembe. Ukimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema si sana. Siku moja asubuhi namfuta uso, nikaona ameelekeza macho dirishani. Kutoka pale alipolala alikuwa anaona kipande cha mbingu na waya wa umeme, basi.

"Natamani nikae," akasema. "Nikae vizuri, nione nje."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mama akisema natamani. Nilimaliza kumfuta, nikatoka nje na beseni, nikalia huko huko kwenye kamba ya nguo.

Tukajaribu. Mito aliteleza nayo. Nikapindua kiti, nikakiegemeza nyuma ya mito, akasema kinamchoma lakini si sana. Nikaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sasa mwili wote ukawa unashuka miguuni, na mimi kila mara nampandisha, mpaka mgongo wangu ukaanza kunidai. Muuguzi aliyekuwa anakuja kumwangalia akatikisa kichwa.

"Huyu anahitaji kitanda cha hospitali," akasema. "Kile kinachonyanyuka kichwani."

Tulikwenda dukani kuuliza bei, tukatoka kimya kimya kama watu waliokosea mlango. Kwa bei ile mtu ananunua kiwanja na msingi anaanza. Nilipomweleza muuguzi, akacheka.

"Nani kakwambia ununue? Vilivyotumika vimejaa majumbani mwa watu, vimefunikwa nailoni. Mgonjwa akiondoka, wenyewe hawajui wakiweke wapi. Ulizieni tu."

Ulizieni tu! Alidhani anaongea na watu wa kawaida.

Hapo ndipo Mabano alipopata wazo. Kazini kwake walikuwa wanatengeneza maduka ya mtandaoni, na kila duka lina sehemu ambapo mteja anaweka vitu anavyovitaka. Lakini kila duka linaandika kwa namna yake, la huku halijui la kule, na mtu asiye na duka hana pa kuandika kabisa. Alinieleza hayo nikiwa natia zipu kwenye sketi ya mteja mkorofi, sikuwa na hamu ya kusikia.

"Dada, sikiliza. Ukiandika neno kitanda kwenye ukurasa wako, mashine inaona neno tu. Haijui kama unauza, unasifia, au unalia nacho. Sasa tuseme watu wote tumekubaliana kwamba mwenye shida ya kitu atakizungushia lebo moja. Hii hapa. 'Nahitaji.' Ndani yake anasema ni kitu gani, kipya au kilichotumika, cha nani, haraka kiasi gani. Basi programu yoyote inapita, inakusanya, inamwonyesha mwenye nacho. Amekaa kwake, wewe umekaa kwako, mmeonana. Hakuna wa kumwomba mtu."

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. "Hakuna wa kumwomba mtu?"

"Hakuna."

Ilinipendeza, sitadanganya. Iliniingia moyoni kuliko hubiri. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ukimwekea mama hiyo lebo, kitanda kinakuja?"

"Ikishakubaliwa."

"Na nani?"

"Na kikundi."

Kikundi chenyewe ni watu wanaokubaliana jinsi kurasa za mtandao zinavyoandikwa. Wengine wako nchi za mbali, wanaandikiana. Wa mji wetu walikuwa wanakutana kila wiki kwenye chumba cha juu cha duka la kuchapisha vipeperushi. Mtu analeta pendekezo, linakuwa rasimu, rasimu inachanwachanwa, inashonwa upya, mwisho inapigiwa kura na kuwa kiwango ambacho wote wanakifuata. Mabano akaandika pendekezo lake. Waraka kama huo lazima uwe na mifano, watu waone lebo inavyotumika. Mfano wa kwanza aliweka mwanafunzi anayehitaji kamusi. Wa pili, timu inayohitaji mpira. Wa tatu akamweka mama.

Alikuja kumsomea kitandani, laptopu magotini.

"Nahitaji: kitanda cha mgonjwa, kinachonyanyuka upande wa kichwa. Hali: kilichotumika, sawa. Kwa ajili ya: mama, apate kukaa na kuona nje ya dirisha. Haraka: sana."

Mama alifikiri. "Mwisho umeweka nukta?"

"Haihitaji nukta, mama. Ni lebo."

"Weka nukta," akasema mpiga chapa, na Mabano akaweka.

Nikamwambia pia aweke namba yangu ya simu. Akasema namba haiwekwi kwenye waraka, lakini wanaoandikiana wote wanajua yeye ni nani, na mwenye kitanda atamfikia. Niliamini. Ningejuaje?

Ikaanza kazi ya kusubiri. Kila akirudi mkutanoni namdaka mlangoni, "Vipi, amejibu mtu?" Naye, "Bado wanajadili." Na kweli walikuwa wanajadili! Watu wa mbali waliandika marefu na mapana juu ya kile kitanda. Mmoja aliuliza haraka ipimwe kwa siku au kwa maneno. Mwingine akasema neno kilichotumika lina utata, kimetumika kiasi gani? Mabano akawa anamsomea mama jioni, nami nasikiliza huku napinda mapindo.

"Mama, kitanda chako leo kimejadiliwa na watu wa mabara matano."

"Matano yote?"

"Karibu."

"Na hakuna hata mmoja aliye nacho?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi nikikumbuka sioni kama alikuwa anatania.

Katika kundi hilo kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuutunza waraka, kila neno linapita kwake. Wenyewe walimwita Mhariri. Mabano alimwogopa na kumhusudu kwa pamoja. Hapitishi kosa, anasema, anaona nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili. Kuna bwana mmoja wa mbali alitaka sehemu ya "kwa ajili ya" iondolewe, mashine haina haja ya kujua kitu ni cha nani. Mhariri akasimama kidete. Alimjibu kwamba bila hiyo waraka wote ni orodha ya bidhaa tu, na kwamba mfano wa tatu ndio unaomfanya msomaji aelewe kwa nini lebo hii ipo. Bwana akanywea. Mabano alirudi nyumbani anang'aa.

"Amemtetea mama, dada! Mbele ya wote!"

"Basi muoe," nikamwambia. "Nipate wifi anayejua nukta."

Aliona haya kweli kweli, akajifanya anatafuta chaja.

Huyo Mhariri hakuishia hapo. Kila wiki alikuwa analeta nyongeza kwenye mfano wa tatu, ili usomeke kama kitu cha kweli. Akaongeza kwamba kitanda kiwe cha kuzungusha kwa mkono, si cha umeme, maana umeme hukatika. Akaongeza magurudumu yenye breki. Akaongeza upana na urefu, kwa sentimita. Akaongeza kwamba mpini wa kuzungushia ukunjike chini, usimgonge anayemhudumia mgonjwa magotini. Mabano alishangaa. "Anajua vitanda huyu!" akasema, na mimi nikasema kweli anajua, maana magoti yangu yalishakutana na vitu vingi. Hakuna kati yetu aliyeuliza amejulia wapi.

Siku moja Mabano alisahau chaja yake, nikampelekea. Nilipanda ngazi za lile duka, harufu ya wino imejaa mpaka kooni, mashine chini inatema vipeperushi. Juu ni chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa kujivuta, meza zimeunganishwa, ubao mweupe ukutani. Mbele ya ubao amesimama mwanamke mfupi wa miwani, kalamu mkononi, nikajua ndiye Mhariri, na kwenye ubao kumechorwa kitanda. Kitanda chetu! Walikuwa wanabishana kama ni kitu kimoja au vitatu, kwa sababu kuna chuma, kuna godoro, na kuna vyuma vya pembeni vya kumzuia mgonjwa asianguke. Je, lebo moja au tatu?

Nilisimama mlangoni uso unaniwaka. Niliona kama wote wale wanajua kwamba mimi ndiye mwenye mama asiyeweza kukaa, tumeanikwa pale ubaoni na kiti chetu cha kupindua na matofali yetu. Nilitaka kumtupia Mabano chaja yake nishuke.

Yule mwanamke akaja kunipokea, mchangamfu kuliko nilivyomtarajia. "Wewe ndiye dada yake? Karibu sana. Kuna chai na maandazi pale."

"Asante, nimeshiba," nikasema.

"Na nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

Aliuliza kama watu wanavyoulizana. Mimi nikadhani anajua kila kitu na ananihurumia, na huruma ya mtu nisiyemjua ni kitu ambacho sijawahi kukiweza.

"Salama kabisa," nikasema. "Mama hajambo, anakusalimu."

Nikashuka ngazi mgongo umenyooka.

Kura ilipigwa wakati mama ameshaanza kukataa uji. Pendekezo likapita, na Mabano alirudi mapema na kipande cha keki kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alimpaka mama krimu kidogo mdomoni kwa kidole.

"Wamekubali, mama. Sasa ni kiwango rasmi."

"Hongera, mwanangu," mama akasema. Alichukua muda kumeza. "Sasa kitanda?"

"Sasa wenye programu waanze kuisoma ile lebo. Itachukua muda kidogo."

"Haya," akasema mama.

Wiki hiyo ya mwisho nilikuwa napanda kitandani, nakaa nyuma yake, miguu yangu huku na huku, yeye ameniegemea kifuani. Hivyo aliweza kuona. Alimwona kinyozi wa ng'ambo ya barabara akitikisa shuka, aliona watoto wakitoka shule, alimcheka mtu aliyekuwa anagombana na baiskeli. Sikuweza kukaa hivyo kwa muda mrefu, mgongo ulikuwa unakataa, na yeye alijua. "Inatosha," alikuwa anasema, kabla sijasema mimi. Mara zote alisema kabla yangu. Alifariki mchana, amelala chali, nikiwa chumba cha mbele namalizia vifungo vya shati la mtu, na hakuita.

Msiba ukajaa watu. Turubai nje, viti vya plastiki vya kukodi, majirani tunaosalimiana nao asubuhi na jioni. Siku ya pili kikundi cha Mabano kikaja, vijana wawili wenye mabegi mgongoni na Mhariri. Vijana walibaki na wanaume nje. Yeye akaletwa ndani kunipa pole, chumbani kwa mama, ambako nilikuwa peke yangu natafuta shuka safi.

Alinishika mkono, akasema maneno ya pole, mazuri, yametulia. Halafu akaona kitanda. Kilikuwa bado na matofali yake chini ya miguu, na kile kiti cha kupindua kiko pale pale kichwani, kimefungwa kwa kamba ya pindo ili kisiteleze.

"Mama aliumwa muda mrefu?" akauliza.

"Tangu mwaka jana. Kiharusi."

"Alikuwa analala hapa?"

"Hapa."

Akageuza kichwa taratibu, akatazama dirisha. Akatazama tena kitanda. Nilimwona midomo inatembea kama mtu anayesoma.

"Apate kukaa na kuona nje ya dirisha," akasema.

Mabano alikuwa ameingia nyuma yake na glasi ya maji. Akasimama.

"Ule mfano wa tatu," Mhariri akamwambia bila kumtazama, "ulikuwa wa kweli?"

Nikajibu mimi, kwa hasira, maana swali lilinichoma. "Ulikuwa wa uongo kwani? Si mmekaa nao miezi yote mnautia magurudumu!"

"Dada, mifano huwa inabuniwa," akasema. "Kwenye kazi zetu mifano yote inabuniwa. Niliandika mwenyewe pale juu ya waraka, mifano yote humu ni ya kubuni. Nilidhani amebuni vizuri. Nilisema moyoni, huyu kijana ana utu, amemtunga mama." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, matofali yakalia. "Mimi ninacho."

"Una nini?"

"Kitanda. Cha marehemu baba. Kipo stoo nyumbani kwangu, nimekifunika. Vile vipimo nilivyokuwa naleta, nilikuwa naingia stoo na utepe, napima, naandika. Mpini unaokunjika ni wa kwake. Nilikuwa nakitazama kile kitanda kila wiki."

"Unakaa wapi?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilitaka kujua.

"Nyuma ya shule."

Ile shule ambayo mama alikuwa anawaona wanafunzi wake dirishani. Mtu angeweza kukisukuma kitanda kwa magurudumu yake mpaka kwetu, asitoke hata jasho.

Nilimgeukia mdogo wangu. Nasema wazi, nilitaka kumzaba kibao, msiba au si msiba. "Miezi yote hiyo umekaa na huyu meza moja. Hukufungua mdomo?"

"Niliandika, dada."

"Na hapo palipoandikwa kwamba mama ni wa kubuni, hukuona?"

"Niliona." Maji yalikuwa yanamwagika glasini, hana habari. "Niliona siku ile ile. Nikasema nitamwambia. Kila mkutano nilisema leo namwambia. Halafu nikawa nawaza, wakijua ni mama, wataona kwamba pendekezo zima nilileta ili kuomba." Akaniinulia macho. "Na wewe ulikuja pale juu. Alikuuliza mama hajambo. Ulisema nini?"

Mhariri alikuwa ananitazama, na niliona anakumbuka.

Hasira yote ikaniishia. Nikakaa na mimi, upande wa pili wa kitanda, tukawa tumekaa watatu kwenye kitanda kimoja kibovu, hakuna anayemtazama mwenzake. Nilimtaka mama. Nilimtaka kwa uchungu wa kitoto kabisa, aje anigombeze, aninyooshe kola.

"Siwezi kurudi nyumbani nikaendelea kukitazama," Mhariri akasema baadaye, anafuta miwani kwa kanga. "Nikipeleke wapi?"

Mabano akajipangusa uso. Akaanza kusema, namjua, kwa ile sauti yake ya mkutanoni, "Kwenye toleo lijalo tunaweza kuongeza lebo ya pili, ya mwenye kitu cha kutoa, halafu—"

Nilimshika shati kifuani. Nilimtoa chumbani, nikampitisha chumba cha mbele mbele ya cherehani yangu, nikamsimamisha chini ya turubai katikati ya watu. Mazungumzo yakakatika. Watu walidhani tunataka kutoa tangazo la mazishi.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema kwa mdomo."

Alisimama mikono imemlegea, mtu mzima mwenye ndevu, kama mtoto aliyesahau shairi. Nikadhani hataweza. Halafu akasema, sauti nyembamba, "Samahanini. Kuna kitanda cha mgonjwa. Kile cha kunyanyuka kichwani. Kizuri, bure. Kama kuna mtu ana mgonjwa nyumbani ambaye..."

Hakuwa amemaliza. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka nusu, safu ya nyuma karibu na tangi la maji. Ni fundi bomba, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Suruali zake zote nimezipunguza mimi. Kila akija namuuliza mkewe hajambo, siku hizi haonekani, na kila siku ananijibu salama kabisa, yupo.

"Mke wangu," akasema, anatazama chini. "Mwaka wa pili sasa hajainuka."

Upande wa wanawake mtu mwingine akasema, taratibu, kwamba kama huyo hakitamfaa basi kwake kuna mkwewe. Na kijana mmoja kwenye viti vya mbele akauliza kama kuna kingine.

Mabano aliwatazama wote hao, mmoja baada ya mwingine. Akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya mtaa mzima, jambo ambalo kwetu halijawahi kufanywa na mtu. Fundi bomba akapita katikati ya viti, akachuchumaa, akamwekea mkono begani. Alidhani anamlilia mama tu.

"Pole, mdogo wangu," akamwambia kwa upole kabisa. "Jikaze. Mama yenu alikuwa mtu mwema sana. Miaka yote tumekaa naye hapa, hakuwahi kumsumbua mtu."